Manowari Zilizoshonwa kwa Nyuzi

Nazungumza nanyi kutoka hapa Bugolobi, Kampala, ambapo Barabara ya Port Bell inapita ikiteremka kuelekea Luzira na ziwani. Mnaosikiliza mkiwa jikoni, mnaosikiliza mkiwa kwenye foleni ndani ya teksi, na ninyi mliofunga duka pale sokoni mkabaki na redio, tuko pamoja.

Leo nataka tuzungumze juu ya manowari. Ukilisikia neno hilo, akili yako inakwenda wapi? Wengi wetu tunaona bahari, chuma kizito, mizinga. Au kama ulipenda somo la historia, unaona zile merikebu kubwa za mbao za karne ya 18, zenye milingoti mitatu na matanga meupe. Waingereza wanayo moja mpaka leo, inaitwa Victory. Ilishushwa majini mwaka 1765, ikapigana vita vya Trafalgar mwaka 1805, na sasa imewekwa katika gudi pale Portsmouth, watu wanalipa kiingilio kuitazama. Inasemekana miti ipatayo 6,000 ilikatwa kuijenga. Vitabu juu ya merikebu hiyo moja vinajaza rafu: nani aliijenga, nani aliiongoza, ilifanyiwa ukarabati lini, ubao gani ulioza ukabadilishwa.

Basi nikajiuliza, na nakuuliza nawe msikilizaji: huku kwetu je? Hapa chini, kwenye maji haya ambayo ukisimama mahali pa juu Bugolobi unayaona yakimeta, hapakuwa na manowari?

Zilikuwapo. Zilikuwa mamia. Wakati ule Victory inapigana Ulaya, Kabaka wa Buganda tayari alikuwa na mitumbwi ya vita katika ziwa hili tunaloliita Nalubaale, na ambalo ramani zinaliita Victoria. Katika karne hiyo ya 18, enzi za Kabaka Mawanda na Kabaka Kyabaggu, Buganda ilikuwa ikijipanua kuelekea mashariki, upande wa Busoga, na ufalme unaopakana na ziwa hauwezi kupanuka bila vyombo vya majini. Kufikia karne ya 19, chini ya Kabaka Suuna na mwanawe Mutesa wa Kwanza, mitumbwi hiyo ilikuwa nguvu ambayo kila kisiwa na kila pwani ya ziwa ilibidi iihesabu.

Jioni hii nitawasimulia maisha ya mtumbwi mmoja wa namna hiyo, tangu mti unapoangushwa msituni mpaka mwisho wake. Na njiani tutabeba swali moja, naomba mlishike: kitu gani kiliua jeshi la majini la Buganda? Nitalirudia, maana jibu ambalo wengi wetu tungelitoa haraka, mimi siliafiki.

Tuanze na kuzaliwa kwake.

Mtumbwi wa vita ulizaliwa visiwani, hasa Ssese. Wengi mnaijua Ssese kwa mapumziko: unapanda MV Kalangala pale Nakiwogo, Entebbe, unashuka Lutoboka, unakula samaki, unarudi. Lakini visiwa vile 84 vilikuwa ndiyo karakana ya Kabaka. Vilikuwa na misitu yenye miti mikubwa, vilikuwa na mafundi, na vilikuwa na watu waliokua ndani ya maji. Huko pia, katika kisiwa cha Bubembe, ndiko lilikokuwa hekalu la Mukasa, mwenye ziwa, na hapakuwa na mtu wa ziwani aliyeanza kazi nzito bila kumkumbuka.

Fundi alichagua mti mrefu uliosimama wima. Ukaangushwa, ukachongwa kwa tezo, ukachimbwa katikati ukawa kama hori refu. Huo ulikuwa mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo chote, na ncha yake ya mbele ilitokeza nje juu ya maji. Juu ya mkuku zikapandishwa mbao, mbili upande huu, mbili upande ule. Hesabu yake ni vipande vitano vikuu. Na Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika kwa Mutesa mwaka 1862, ndivyo alivyoandika: mbao tano zilizofungwa pamoja.

Zilifungwa kwa nini? Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Hapakuwa na msumari hata mmoja. Fundi alitoboa matundu pembezoni mwa ubao, tundu baada ya tundu, na matundu yale yakalingana na yale ya ubao wa chini yake. Kisha akapitisha nyuzi za mimea, zenye nguvu, akazivuta, akakaza, akapitisha tena. Kati ya ubao na ubao akashindilia nyuzinyuzi za mgomba ili maji yasipite. Alishona chombo kizima namna hiyo, kutoka omo mpaka tezi, na chombo chenyewe kilikuwa kirefu kweli kweli. Henry Morton Stanley alipima mtumbwi mkubwa kuliko yote aliyoiona kwa Mutesa mwaka 1875, akapata futi 72. Hiyo ni kama mita 22. Upana wake ulizidi kidogo futi saba, na kina chake futi nne. Hebu fikiria, msikilizaji: mita 22 za mbao zinazoshikana kwa mshono.

Ndugu zetu wa pwani ya Bahari ya Hindi watanielewa upesi. Wao walikuwa na mtepe, jahazi la Lamu na visiwa vya Wabajuni, lililoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, likasafiri kwa tanga la mkeka. Kwa hiyo Afrika Mashariki ilikuwa na maji mawili makubwa, bahari upande mmoja na ziwa upande wa pili, na kote kuwili mafundi walishona vyombo. Sioni sababu ya kuliita jambo hilo ushamba. Chombo kilichoshonwa kinajipinda kidogo wimbi linapokipiga, hakikakamai.

Kazi ya mikono ilipokwisha, ukaja urembo, na urembo huu ulikuwa na kazi yake. Speke aliiona mitumbwi ya Mutesa katika ghuba hii hii iliyo chini yetu hapa. Ni yeye aliyeibandika jina la Murchison, na mpaka leo maji yale yanayozunguka Luzira, Ggaba na Munyonyo yanaitwa Murchison Bay. Aliandika kwamba mitumbwi ilikuwa imepakwa udongo mwekundu. Omo ilinyanyuka juu kama shingo ya ndege mrefu, na kwenye kichwa cha shingo hiyo zilifungwa pembe za nsunu, yule swala ambaye leo yuko kwenye nembo yetu ya taifa akimkabili korongo. Katikati ya pembe, shada la manyoya. Sasa jiweke wewe ni mkazi wa kisiwa, umesimama ufukweni alfajiri, na kutoka kwenye ukungu zinatokea pembe, kisha manyoya, kisha wekundu, moja baada ya nyingine, hamsini, mia. Utaelewa kwa nini wengine walikuwa wakituma ushuru kabla ya vita kuanza.

Nirudie kwa waliojiunga nasi sasa hivi: tunazungumzia mitumbwi ya vita ya Buganda, mitumbwi iliyoshonwa, na tunauliza nini kiliiua. Tumeuona mtumbwi wetu ukizaliwa Ssese. Sasa tuuone ukifanya kazi.

Mkuu wa mitumbwi yote ya Kabaka alikuwa na cheo cha Gabunga. Cheo hicho mnakijua, bado kipo, ndiye mkuu wa ukoo wa Mamba. Kabaka akitaka kupiga vita ziwani, au kutuma wajumbe mbali, amri ilikwenda kwa Gabunga, na kutoka kwa Gabunga ikashuka kwa wakuu wa pwani na visiwa, kila mmoja atoe mitumbwi yake na wapiga makafi wake. Hapakuwa na bandari moja ambamo mitumbwi yote imefungwa ikisubiri. Ilitawanyika, kila mmoja kwenye kijiji chake, ikiitwa inakusanyika.

Na mara nyingi iliitwa kwa kazi isiyokuwa ya vita. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Zanzibar na Bagamoyo kupitia Tabora walikuwa wakifika Kageye, kusini mwa ziwa, karibu na Mwanza ya leo, na kutoka hapo ni mitumbwi ya Kabaka iliyowavusha wao na bidhaa zao mpaka Buganda. Pembe za ndovu zilishuka kwa njia hiyo, na watumwa pia, lazima tuliseme. Wamisionari Wakatoliki wa kwanza, Padri Lourdel na Bruda Amans, walifika Kigungu karibu na Entebbe tarehe 17 Februari 1879 kwa mtumbwi, na baadaye Mutesa akatuma mitumbwi yake ikawachukue wenzao waliobaki Kageye. Kwa hiyo imani, biashara, bunduki, vitambaa, hata na Kiswahili hiki ninachowazungumzia sasa, vyote vilipandishwa kwenye mbao zile zilizoshonwa.

Vita kubwa iliyoandikwa kwa urefu ni ile ya mwaka 1875 dhidi ya watu wa Buvuma. Stanley alikuwapo. Alihesabu mitumbwi ya Mutesa 325, mikubwa na midogo, na akasema 230 kati yake ilifaa kwa vita. Stanley alikuwa mtu wa kukuza mambo, kwa hiyo tuichukue hesabu yake kwa tahadhari. Lakini hata ukiipunguza kwa nusu, bado ni jeshi kubwa la majini.

Je, Buganda ilishinda kwa urahisi? La hasha. Wavuma walikuwa wachache, lakini maji yalikuwa kwao. Wakageuka upesi, wakapiga, wakatoweka. Na tangu vita vya zamani vya Kabaka Suuna, walikuwa na mbinu moja ambayo Stanley alisimuliwa na watu wa Mutesa. Mvuma alijitosa majini na kisu. Akapiga mbizi, akaogelea chini mpaka akafika kwenye tumbo la mtumbwi wa adui, akapapasa mpaka akaupata mshono, akaukata.

Tafakari hilo. Mtu yule alijua chombo kile kimetengenezwaje. Alijua kwamba nguvu yake na udhaifu wake viko mahali pamoja. Ukikata nyuzi, mbao zinaachana, na wapiganaji waliojaa juu, ambao wengi walikuwa wakulima wa bara wasiojua kuogelea, wanamwagika ziwani. Vita ile ya 1875 ilikokotwa tangu Agosti hadi Oktoba, na ikaishia kwa mapatano, baada ya Stanley kufunga mitumbwi mitatu pamoja na kujenga juu yake ngome inayoelea ili kuwatisha Wavuma.

Sasa naomba tuwatazame watu waliokuwa ndani ya mtumbwi, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo jioni hii.

Vitabu vinatuambia mitumbwi ya Mutesa. Vinatuambia vita vya Stanley. Lakini aliyeshika kafi ni nani? Alikuwa Mssese. Aliyeuangusha mti ni Mssese, aliyetoboa matundu ni Mssese, aliyevuta nyuzi ni Mssese. Vita vikiitwa, Mganda wa bara aliingia na mkuki wake au bunduki yake, akaketi, akapelekwa. Mssese ndiye aliyempeleka. Alipiga kafi kutwa nzima, na mwenzake mmoja hakuwa na kazi nyingine ila kuteka maji na kuyamwaga nje, kwa sababu chombo cha kushonwa huvuja daima. Jioni ilipofika wakauvuta mtumbwi juu ya mchanga, wakautazama mshono, palipolegea wakakaza, palipotoboka wakashindilia nyuzi mpya za mgomba. Asubuhi wakaurudisha majini. Hayo ndiyo maisha ya kazi ya manowari: siku moja ya vita kwa siku nyingi za kuteka maji na kukaza nyuzi.

Na heshima waliyoipata? Stanley aliandika kwamba watu wa Ssese walihesabiwa kuwa watu wa chini, karibu na watumwa, mbele ya Waganda wa bara. Mshahara haukuwapo. Chakula chao safarini kilitegemea migomba ya vijiji walivyolala, na hilo liliwafanya waogopwe na kuchukiwa na watu wa pwani ambao nao walikuwa maskini kama wao. Nalisema hili bila nia ya kumlaumu yeyote aliye hai leo. Nalisema kwa sababu tukiisifu mitumbwi ile bila kuwataja Wassese, tunamsifu mpanda farasi na kumsahau farasi.

Lakini Wassese walijua uzito wao. Mwaka 1889, wakati wa vita vya dini, Kabaka Mwanga alikuwa amefukuzwa kwenye kiti chake. Akarudi kwa njia ya ziwa. Watu wa Ssese wakamuunga mkono kwa mitumbwi yao, akaweka kambi kwenye kisiwa cha Bulingugwe, ambacho kiko hapa hapa Murchison Bay, karibu na Munyonyo. Wapinzani wake walikuwa na mji mkuu na bunduki nyingi, ila maji hawakuwa nayo. Oktoba mwaka ule Mwanga akarudi Mengo. Kwa hiyo wapo waliodharauliwa ambao mikono yao ilimrudishia mfalme kiti.

Sasa turudi kwenye swali letu. Ni nini kiliua jeshi hili la majini?

Jibu la kwanza ambalo wengi watalitoa ni bunduki ya Maxim. Na kweli, Januari 1892, baada ya vita vya Mengo, Mwanga alikimbilia tena Bulingugwe. Tarehe 30 mwezi huo, Kapteni Williams, msaidizi wa Lugard, kamanda wa Waingereza, akakishambulia kisiwa kile kwa Maxim. Watu wakakimbilia mitumbwini, mitumbwi ikajaa kupita kiasi, ikazama, na watu wengi wakafa maji, wanawake na watoto wakiwamo. Ukienda Munyonyo au Ggaba siku ya Jumapili kula samaki, kisiwa kile kinaonekana. Nadhani ni haki tulijue lililotokea pale.

Hata hivyo mitumbwi haikufa siku ile. Miaka yote ya 1890 iliendelea kuvuka ziwa. Wakoloni wenyewe waliitumia kubeba barua, mizigo na maofisa.

Jibu la pili ni meli za moshi. Ya kwanza iliitwa William Mackinnon. Ililetwa kutoka Scotland ikiwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu, ikashushwa majini mwaka 1900. Ikafuata Winifred, kisha Sybil. Hizi zilivuka ziwa la wazi ambalo mtumbwi wa kushonwa uliogopa, na mizigo mikubwa ikahamia huko. Jibu hili lina uzito. Na pia kuna Mkataba wa mwaka 1900 na Waingereza, uliomwondolea Kabaka nguvu ya kupiga vita kwa hiari yake, na Kabaka asiyepiga vita haiti mitumbwi ya vita. Hilo nalo nalikubali.

Lakini kuna tofauti kati ya chombo kukosa kazi ya vita na chombo kukosa watu. Wavuvi bado walihitaji mitumbwi. Wasafiri wa kisiwa hadi kisiwa bado waliihitaji. Kama watu wa Ssese wangebaki Ssese, ufundi ule ungepumua, ungebadilika taratibu, na leo tungekuwa na mafundi wa kutuonyesha. Kilichowaondoa watu ni mdudu mdogo, na baada ya mdudu, amri.

Mwaka 1901 madaktari ndugu wawili, Albert na Jack Cook wa hospitali ya Mengo, waliona wagonjwa wa ugonjwa ambao hawakuwa wameuzoea hapa. Mgonjwa anavimba tezi za shingo, anakonda, anasinzia mchana, mwishowe haamki. Waganda wakauita mongota. Kwa Kiswahili ni malale. Ulisambazwa na mbung'o, na mbung'o wa aina ile hukaa kwenye vichaka vyenye kivuli kando ya maji, mahali hasa ambapo mtumbwi unaegeshwa. Mtu wa bara aliweza kukaa mbali na ziwa. Mtu wa mitumbwi angekaa wapi? Katika miaka michache walikufa watu zaidi ya laki mbili kwenye pwani na visiwa vya Buganda na Busoga. Laki mbili, msikilizaji. Buvuma iliyomtoa jasho Mutesa ikabaki karibu tupu. Ssese ikazika mafundi wake.

Mtawala wa Uganda wakati huo aliitwa Hesketh Bell. Akaamua kwamba dawa pekee ni kuwaondoa watu kwenye njia ya mbung'o. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1906, watu wa pwani wakahamishwa maili kadhaa ndani ya nchi kavu. Kisha zamu ya visiwa: kufikia mwaka 1909 waliobaki Ssese wakaamriwa kuhama, wakaletwa bara. Kuvua kukapigwa marufuku, kutua pwani kukapigwa marufuku isipokuwa kwenye sehemu chache zilizofyekwa. Mitumbwi ikaachwa.

Sasa jina la mtawala huyo mnalitaja kila siku bila kujua. Hesketh Bell. Bandari iliyoanzishwa Luzira mwaka 1908 ilipewa jina lake, ikaitwa Port Bell, na ile barabara inayopita hapa Bugolobi ikachukua jina la bandari. Kila kondakta anayeita abiria wa Port Bell anamtaja mtu aliyefunga ziwa.

Nimtendee haki. Amri yake iliokoa maisha. Wanahistoria wengi wanakubali kwamba vifo vilipungua baada ya watu kuondolewa kwenye mbung'o, na wakati ule tiba ya kuaminika haikuwapo. Sidai kwamba alitoka nyumbani akiwa na nia ya kuua mitumbwi. Ninachodai ni kwamba mitumbwi ilikufa pale, kwa kuachwa. Chombo cha kushonwa hakivumilii upweke. Merikebu ya mialoni unaweza kuiacha gatini miaka kadhaa ukairudia. Mtumbwi wa kushonwa ukiacha kuuvuta juu, ukiacha kuyateka maji, ukiacha kubadilisha nyuzi, mshono unaoza, mbao zinafunguka zenyewe bila adui yeyote kupiga mbizi. Kisu cha Mvuma kilihitaji ujasiri. Wakati haukuhitaji chochote.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hilo, na nalirudia. Maxim iliijeruhi. Meli za moshi ziliinyang'anya mizigo, na Mkataba ukaipokonya vita. Kilichoiua ni kuondolewa kwa watu walioishona.

Mnaweza kuniuliza, je, hawakurudi? Walirudi. Kuanzia karibu na mwaka 1920 watu waliruhusiwa kurejea Ssese kidogo kidogo, na wavuvi waliendelea kushona mitumbwi kwa miaka kadhaa baada ya hapo. Lakini waliorudi walikuwa wachache, wengi walikuwa watoto waliokulia bara, na msumari ulikuwa umefika madukani. Msumari hauhitaji fundi aliyefunzwa na baba yake tangu utotoni. Hatua kwa hatua mshono ukaacha mbao.

Ukishuka leo Port Bell au Ggaba utakuta maboti ya wavuvi, marefu, ya mbao, yenye mashine nyuma. Wavuvi na maofisa wa samaki huyaita Sesse. Siku moja nilisimama nikamtazama fundi akikalafati moja pale ufukweni. Alikuwa amechuchumaa, ana patasi butu mkono wa kushoto na nyundo ya mti mkono wa kulia, nyuzi za pamba zimening'inia begani. Anasokota uzi kwenye paja, anauweka kwenye ufa kati ya mbao mbili, anagonga, tok, tok, anasogea upana wa kidole, anagonga tena. Alipofika kwenye fundo la mti alisimama, akalipapasa kwa kidole gumba, akaongeza uzi. Misumari ilikuwa imejipanga kila upande, lakini maji yalikuwa yanazuiwa na nyuzi, kama zamani. Nikamuuliza alijifunzia wapi. Akaniambia, kwa mzee mmoja wa Kalangala.

Na kila Kabaka anapoitisha mashindano ya mitumbwi, pale Munyonyo au kwingineko, koo zinapiga makafi, watu wanashangilia, magazeti yanapiga picha. Ni jambo zuri na nalipenda. Ningependa zaidi kama siku moja katika mashindano hayo ungeshushwa mtumbwi mmoja ulioshonwa, wenye udongo mwekundu, pembe za nsunu na shada la manyoya, ukiwa umetengenezwa na watu wa Ssese wenyewe kwa malipo yanayostahili kazi yao. Zanzibar iliwahi kuujenga upya mtepe ulioshonwa, miaka mingi baada ya mitepe yenyewe kutoweka baharini. Kwa hiyo si jambo lisilowezekana. Vipimo tunavyo, maelezo ya Speke na Stanley tunayo, misitu kiasi bado iko. Kinachopungua kwa haraka ni wazee.

Ndiyo maana namalizia na ombi. Kama unatoka Ssese, Buvuma, Kome au pwani ya Busoga, na nyumbani kwenu yuko babu au bibi aliyewaona wakubwa wake wakishona mtumbwi, chukua simu yako umrekodi. Muulize walitumia mmea gani kwa nyuzi. Muulize matundu yalitobolewa kwa chuma cha moto au kwa keekee. Muulize mti uliombwa namna gani kabla ya kuangushwa. Muulize na nyimbo za makafi. Kisha tuletee hapa kituoni, iwe kwa Luganda, kwa Lusoga, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote anayoiweza. Tutaisikiliza, na kwa ridhaa yake tutaitangaza katika kipindi hiki.

Muda wetu umekwisha, na fundi mitambo ananionyesha mkono. Juma lijalo, saa hii hii, tutabaki ziwani: tutazungumzia meli William Mackinnon, na namna ilivyobebwa kwa vipande kutoka Mombasa mpaka Kisumu, na wapagazi walioibeba.